Tuijue Ardhi Yetu: Mawe ya Bonde la Rukwa Yanatueleza Nini?

Mtu anayechimba kisima huona mambo ambayo mpita njia hayaoni. Juu kabisa hukuta udongo mweusi wenye mizizi. Akishuka kidogo hukuta udongo wa mfinyanzi. Chini yake hukuta mchanga, na pengine kokoto za mviringo kama zile za mtoni. Hapo wachimbaji huulizana: "Kokoto za mto zimefikaje hapa, na mto wenyewe uko mbali?"

Swali hilo ni zuri. Jibu lake ni hili: zamani mto ulipita hapo. Mto umehama, lakini kokoto zake zimebaki.

Mwezi huu tutazungumza juu ya mawe na habari zilizomo ndani yake. Tutakwenda kusini-magharibi mwa Tanzania, kwenye Bonde la Rukwa. Bonde hili ni sehemu ya Bonde la Ufa, tawi la magharibi. Liko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Upande wa kusini-magharibi umesimama ukingo wa Ufipa. Upande wa kaskazini-mashariki uko ukingo wa Lupa. Katikati liko Ziwa Rukwa, na mito kama Songwe na Momba huingia humo. Mto Songwe tunaoutaja hapa ni ule unaokwenda Ziwa Rukwa. Si ule wa mpakani mwa Tanzania na Malawi, unaokwenda Ziwa Nyasa.

Kwa nini tumechagua Rukwa? Kwa sababu mahali hapa ardhi haikushuka mara moja tu. Ilishuka, ikatulia, ikashuka tena. Wataalamu wa miamba wanahesabu vipindi vitatu vikubwa. Kila kipindi kimeacha mawe yake, na mtu aliyejifunza anaweza kuyatambua.

BONDE LA UFA HUTOKEAJE?

Chukua matofali matatu. Yapange pamoja, na la katikati ulibane kati ya mawili ya pembeni bila kugusa chini. Sasa vuta matofali ya pembeni kwenda nje, kila moja upande wake. Tofali la katikati litashuka.

Ndivyo ilivyo kwa Bonde la Ufa. Ardhi huvutwa pande mbili polepole sana. Hupasuka, na sehemu ya katikati hushuka. Pande mbili zilizobaki juu ndizo tunazoziita kingo. Anayetoka Sumbawanga kushuka Muze, huko bondeni, anateremka ukingo wa namna hiyo.

Bonde likishashuka, maji hayana njia ila kwenda huko. Mito huchukua mchanga, tope na kokoto kutoka milimani na kuzimwaga bondeni. Bonde hujaa kidogo, kisha hushuka tena, kisha hujaa tena. Kazi hiyo ikiendelea miaka mamilioni, mchanga na tope hurundikana kwa unene mkubwa. Chini ya Bonde la Rukwa, hasa upande wa Lupa ulioshuka zaidi, mrundikano huo una unene wa zaidi ya kilomita 5. Mtu angeweza kusimamisha Mlima Rungwe wote ndani ya shimo hilo, na kilele kisionekane.

Vitu hivi vilivyorundikana hukandamizwa na uzito wa vile vilivyo juu yake. Maji yenye chumvichumvi za ardhini hupita katikati ya punje na kuzigandisha. Mwishowe mchanga huwa jiwe. Tope nalo huwa jiwe. Mawe ya namna hii yamepangana tabaka juu ya tabaka. Tabaka la chini lilitangulia, la juu lilifuata, kama takataka za jaa la kijiji. Takataka za juzi ziko chini ya zile za jana.

JARIBU MWENYEWE

Fanyeni jaribio hili nyumbani au darasani. Tafuteni chupa inayoonyesha ndani. Tieni kokoto ndogo, mchanga na udongo hadi robo ya chupa. Jazeni maji, mfunge, mtikise kwa nguvu. Kisha iwekeni chupa mezani na mtazame.

Kokoto zitaanguka kwanza. Mchanga utafuata. Tope laini litachelewa sana, pengine mpaka kesho yake.

Kwa nini? Maji yenye nguvu yanaweza kubeba vitu vizito. Maji yakipungua nguvu, hutua kwanza kilicho kizito. Tope laini hutua pale tu maji yanapotulia kabisa.

Sasa umepata ufunguo wa kwanza. Ukiona jiwe lililojaa kokoto kubwa, ujue hapo palikuwa na maji ya nguvu, pengine chini ya mlima. Ukiona jiwe la mchanga, hapo palikuwa na mto wa kawaida. Ukiona jiwe laini la tope, lenye kurasa nyembamba nyembamba, hapo palikuwa na ziwa au bwawa lililotulia.

Rangi nayo ina maana. Mawe mekundu yamepata wekundu wao kutokana na chuma kilichomo katika udongo. Chuma hicho kilipata hewa kikashika kutu, kama jembe lililoachwa nje. Mawe meusi mara nyingi yana mabaki ya mimea iliyozama katika kinamasi, mahali ambapo hewa haikufika.

MAJIVU YA VOLKENO NI TAREHE

Tumejua kwamba tabaka la chini ni la zamani kuliko la juu. Lakini la zamani kiasi gani? Miaka elfu? Miaka milioni? Mchanga wenyewe hauwezi kutuambia. Punje za mchanga zimetoka katika miamba ya zamani zaidi. Ukipima umri wa punje, utapata umri wa mlima zilikotoka, si wa siku zilipotua mtoni.

Hapa ndipo volkeno inapotusaidia. Bonde likipasuka, mara nyingi moto wa chini hupata njia ya kutoka. Milima ya volkeno hulipuka. Majivu hupanda angani, hupeperushwa na upepo, kisha huanguka juu ya nchi nzima. Huanguka mtoni, ziwani, porini. Baadaye mchanga na tope hufunika majivu hayo, nayo hugeuka kuwa tabaka jembamba la jiwe, mara nyingi jeupe au la kijivu.

Ndani ya majivu hayo mna punje ndogo sana na ngumu ziitwazo zirkoni. Punje hizi ziliumbika ndani ya volkeno yenyewe kabla ya mlipuko. Zina urani kidogo ndani yake. Urani hubadilika ikawa risasi, yaani ile madini nzito. Hubadilika polepole sana, na kwa mwendo usiobadilika. Urani ya aina iliyo nyingi huchukua miaka milioni 4,500 hivi kupungua hadi nusu.

Fikiri mtungi unaovuja tone moja moja ndani ya bakuli. Ukijua matone huanguka mangapi kwa saa, ukapima maji yaliyomo bakulini, utajua mtungi ulianza kuvuja lini. Wataalamu hufanya vivyo hivyo. Hupima urani iliyobaki na risasi iliyotokea, wakapata umri wa majivu.

Kwa hiyo tabaka la majivu ni kama tarehe iliyoandikwa juu ya barua. Kilicho chini ya tabaka hilo kilikuwapo kabla ya siku hiyo. Kilicho juu yake kilikuja baadaye.

Tukiwa na funguo hizi mbili, tutazame sasa vipindi vya Rukwa.

KIPINDI CHA KWANZA: KINAMASI NA MAKAA YA MAWE

Chini ya kila kitu iko miamba migumu ya kale mno, yenye umri wa karibu miaka milioni 2,000. Miamba hiyo ilikunjwa na kupasuka zamani, na mistari ya mipasuko yake inaelekea kaskazini-magharibi na kusini-mashariki. Bonde la Rukwa nalo linaelekea hivyo hivyo. Chungu kilichokwisha ingia ufa, kikigongwa tena hupasukia pale pale. Ardhi ya Rukwa ni hivyo. Kila ilipovutwa ilifuata udhaifu wake wa zamani.

Katika kipindi cha kwanza, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, bara la Afrika lilikuwa bado limeungana na Amerika ya Kusini, Bara Hindi, Australia na Antaktika. Ardhi ilishuka hapa, pakawa na mito na vinamasi. Mimea mingi ilikufa ikazama katika vinamasi hivyo. Ikafunikwa na mchanga na tope, ikakandamizwa, ikawa makaa ya mawe.

Makaa ya mawe ya Kiwira na Songwe, karibu na Ziwa Nyasa, ni ya kipindi hicho. Makaa ya Namwele na Muze, huko Ufipa na Rukwa, nayo ni ya kipindi hicho. Mtu anayeshika kipande cha makaa ya Kiwira ameshika kinamasi cha kale.

KIPINDI CHA PILI: MITO MIKUBWA NA MAWE MEKUNDU

Miaka mingi ilipita. Kisha, miaka kama milioni 100 iliyopita au zaidi kidogo, bonde lilifanya kazi tena. Mawe ya kipindi hiki ni mawe ya mchanga, mengi yakiwa mekundu. Yanaonekana vizuri sehemu za Galula na kando ya mito ya huko.

Yanasema nini? Mchanga wake ni wa mito mikubwa. Ndani ya mawe hayo kuna mistari iliyoinama, kwa sababu mchanga wa mtoni hujipanga kwa kuinama kufuata maji yanakokwenda. Wataalamu walipoipima mistari hiyo waliona kwamba mito ya wakati ule ilikwenda kaskazini-magharibi. Maji hayakuishia Rukwa kama leo. Kingo kubwa tunazoziona sasa zilikuwa hazijainuka.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wataalamu wa Tanzania na wa nchi za nje wamekuwa wakitafuta mifupa iliyogeuka mawe katika matabaka haya. Wamepata mingi, na baadhi ya wanyama wamepewa majina ya Kiswahili, ambayo leo yamo katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima.

Mwaka 2010 walitangaza mnyama aliyeitwa Pakasuchus. Alikuwa wa jamaa ya mamba, lakini mdogo, kiasi cha paka. Alikaa nchi kavu, na meno yake ya nyuma yalikuwa ya kutafuna, hayakufanana na ya mamba wa leo. Ndiyo maana jina lake limeanza na paka. Jina lake la pili, kapilimai, ni kumbukumbu ya marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwaka 2014 alitangazwa Rukwatitan, dinosaria mkubwa mla majani. Mwaka 2017 alifuata Shingopana, naye ni dinosaria. Jina lake halihitaji mkalimani. Mwaka 2019 alitangazwa Mnyamawamtuka, yaani mnyama wa mto Mtuka. Jina lake la pili ni moyowamkia, kwa sababu mfupa mmoja wa mkia wake una umbo kama moyo.

KIPINDI CHA TATU: BONDE LA SASA LINAZALIWA

Sasa tufike kwenye kipindi ambacho kimewashangaza wataalamu wengi.

Kwa muda mrefu wataalamu walijua kwamba tawi la mashariki la Bonde la Ufa, lile linalopita Kenya na Ethiopia, ni la zamani. Tawi la magharibi, lenye Ziwa Tanganyika, Rukwa na Nyasa, walidhani ni dogo kwa umri. Walifikiri lilianza kiasi cha miaka milioni 12 iliyopita.

Karibu na mto Nsungwe, kusini-magharibi ya Mbeya, kuna matabaka yaliyo juu ya yale mawe mekundu ya kale. Sehemu yake ya chini ina kokoto nyingi. Sasa wewe mwenyewe unaweza kusema maana yake. Kokoto nyingi ni maji ya nguvu chini ya milima. Yaani kingo zilikuwa zimeanza kuinuka, na mawe yalikuwa yakiporomoshwa kutoka huko. Juu ya kokoto hizo kuna mchanga wa mito na tope la ziwa na vinamasi. Yaani bonde lilikuwa limeshuka, na maji yamepata mahali pa kutulia.

Na katikati ya tope hilo yamo matabaka ya majivu ya volkeno.

Wataalamu walichukua majivu hayo, wakatoa punje za zirkoni, wakapima. Umri wake ulikuwa miaka kama milioni 25. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2012. Kwa hiyo sehemu ya Rukwa ilikuwa imekwisha anza kupasuka na kutoa moto wakati ule, karibu mara mbili ya muda uliodhaniwa. Matawi mawili ya Bonde la Ufa yalianza karibu pamoja. Tabaka la majivu lilibadili historia ya nusu ya Bonde la Ufa.

Katika matabaka hayo hayo kulipatikana mifupa midogo. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza wanyama wawili. Wa kwanza ni Rukwapithecus, aliye wa jamaa ya sokwe. Wa pili ni Nsungwepithecus, aliye wa jamaa ya nyani na tumbili. Umri wao ni miaka milioni 25.2. Hakujapatikana wakati huo mahali popote duniani mabaki ya zamani kuliko hayo ya jamaa hizo mbili. Yaani njia ya nyani na njia ya sokwe zilikuwa zimekwisha achana wakati bonde hili linazaliwa.

Je, unajua Nsungwepithecus alitambuliwa kwa kitu gani? Kipande cha taya chenye jino moja la kutafunia. Ungeweza kukifunika kwa kidole gumba.

BONDE HALIJAACHA KWENDA

Usifikiri kazi imekwisha. Milima ya volkeno ya Rungwe, Ngozi na Kyejo ni matunda ya kipindi hiki cha tatu. Miaka ipatayo 4,000 iliyopita Rungwe ulilipuka kwa nguvu na kutapanya mawe mepesi yenye matundu kama povu. Kyejo ulitoa mawe ya moto kiasi cha mwaka 1800. Udongo wenye rutuba wa Rungwe, unaozaa ndizi, chai na viazi, umetokana na majivu na mawe ya milima hiyo.

Ziwa nalo limebadilika. Miaka kama 10,000 iliyopita mvua zilikuwa nyingi. Uso wa Ziwa Rukwa ulikuwa juu kuliko sasa kwa yapata mita 180, na maji yake yalimwagikia Ziwa Tanganyika kupitia upande wa Karema. Ufuko wa ziwa hilo la kale umeacha alama zake mbali na mahali maji yalipo leo. Leo ziwa halina mto wa kutokea. Maji huingia, kisha hupotea kwa kukauka na jua, ndiyo maana yana magadi na chumvi.

Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ardhi lenye nguvu ya 7.4 lilipiga sehemu za Rukwa. Ni moja ya matetemeko makubwa kabisa ya Afrika katika karne ile. Bonde linaendelea kupanuka kwa milimita chache kwa mwaka, takribani kama kucha ya kidole inavyokua kwa mwezi mmoja. Ni kidogo, lakini kwa miaka milioni 25 kidogo kidogo hicho kimetengeneza bonde zima.

ELIMU HII INAMFAA NANI?

Mtu anaweza kuuliza: "Mimi ni mkulima. Mambo ya miaka milioni yananihusu nini?"

Yanakuhusu kwa njia nyingi. Mchanga na kokoto huweka maji na kuyaachia. Mfinyanzi huyashika na kuyanyima. Kwa hiyo mchimba kisima anayejua kusoma matabaka hatakata tamaa akikuta mfinyanzi mkavu, kwa maana huenda chini yake kuna mchanga wenye maji.

Tena, ukiona chini ya mlima pana rundo la kokoto na mawe makubwa, lenye umbo la ungo uliotandazwa, ujue hapo ndipo mafuriko ya korongo humwaga mzigo wake. Yaliyomwagwa jana yanaweza kumwagwa na kesho. Hapo si mahali pa kujenga nyumba wala shule. Na kwa kuwa nchi hii hutetemeka, nyumba inataka msingi imara na kuta zilizofungana vizuri kwenye pembe.

Makaa ya mawe tumekwisha yataja. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba Rukwa kuna gesi ya heli, ambayo hutumika katika mashine za hospitali na viwandani. Heli hiyo imetoka katika miamba ya kale kabisa, na joto la bonde limeisukuma juu. Utajiri huu wote ulitafutwa kwa kusoma mawe.

JAMBO LILILO MIKONONI MWAKO

Lakini liko jambo moja ambalo halimngoji mtaalamu. Liko mikononi mwa watu wanaokaa huko.

Kila masika makorongo hukatwa upya. Maji hufunua mifupa iliyokaa gizani miaka mamilioni. Mfupa uliogeuka jiwe ni mgumu, lakini hauna nguvu ya kushindana na jua, maji na kwato. Usipoonwa, masika mawili matatu hutosha kuumaliza. Na wa kwanza kuuona si profesa. Ni mchungaji, ni mtoto anayechota maji, ni mkulima anayepita kwenda shambani. Ni wewe.

Sasa fikiri juu ya ile taya yenye jino moja. Kama mtu angeiokota akaitia mfukoni na kuipeleka nyumbani, ingebaki jino tu. Hakuna ambaye angejua ilitoka juu ya majivu au chini yake. Umri wake usingejulikana, wala maana yake. Mfupa uliong'olewa tabakani ni barua iliyokatwa tarehe. Huwezi kuirudisha, hata ukiurudisha mfupa pale pale, kwa sababu hakuna tena wa kushuhudia ulilala wapi.

Basi ukiona kitu chenye umbo la mfupa, jino, gamba au jani ndani ya jiwe, fanya hivi:

Kwanza, usiking'oe na usikivunje. Usikimwagie maji wala kukikwangua.

Pili, weka alama karibu yake, si juu yake. Rundo dogo la mawe au mti uliochomekwa hutosha. Waambie watoto na wachungaji wasipitishe mifugo hapo.

Tatu, andika katika karatasi: siku uliyokiona, jina la korongo au mto, na tabaka ulilokikuta. Je, ni katika mawe mekundu? Katika tope la kijivu? Je, juu yake au chini yake kuna tabaka jeupe la majivu? Kwa kuwa umejua kusoma na kuandika, kazi hii unaiweza. Mistari mitano tu inaweza kuokoa habari ya miaka milioni 25.

Nne, peleka habari kwa Afisa Mtendaji wa kijiji, ili zifike wilayani na kwa Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya namna hii. Kuvichimba kunahitaji kibali, na anayevigundua anatakiwa kutoa habari. Akija mtu akitaka kununua mifupa ya mawe, usimuuzie. Mwambie akuonyeshe kibali chake, kisha mpeleke kwa Mtendaji.

Na anayechoma chokaa, anayevunja kokoto za ujenzi au anayechimba mchanga wa kuuza, naye atazame anachokivunja. Hatumkatazi kazi yake. Tunamwomba tu kwamba akiona umbo asilolizoea, nyundo ingoje kidogo.

Ndugu msomaji, mawe ya Rukwa hayana haraka. Yamengoja muda mrefu kupata wasomaji. Mwezi huu, ukipita korongoni au ukichimba shimo la choo, simama kidogo utazame ukuta wake. Hesabu matabaka. Jiulize kila moja lililetwa na nini.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika jaribio la chupa, kwa nini tope lilichelewa kutua kuliko kokoto?

2. Kwa nini majivu ya volkeno yanatupa umri wa tabaka, na mchanga hautupi?

3. Kokoto nyingi katika matabaka ya Nsungwe zinatueleza nini juu ya kingo za bonde?

4. Katika kijiji chenu, wapi ukuta wa korongo au shimo unaonyesha matabaka? Yana rangi gani, na kila moja lina kokoto, mchanga au tope? Chora picha yake, kisha mwambie mwenzako maana yake.

5. Mtoto wa jirani ameleta nyumbani jino lililogeuka jiwe. Mtamshauri nini, na mtamuuliza maswali gani kabla hajasahau mahali alipoliokota?

Tukutane tena mwezi ujao.